Koti la Ruoth Dishon

Jumatatu, 8 Machi 1965

Siku ya tano katika boma la ufalme, Kanyasiro. Kutoka hapa mpaka Homa Bay ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, na bado wanajiona ndio dunia. Lakini ufalme ni ufalme. Kuna kigoda, kuna baraza, kuna watumishi wanaochukiana. Kinachokosekana ni mfalme. Ruoth Dishon alikufa Septemba kwa homa aliyotoka nayo bonde la Lambwe, na kigoda kimefunikwa ngozi ya chui mpaka mjane wake aote.

Ndiyo. Aote.

Mikayi Rispa, mke mkubwa wa marehemu na wa pekee, anavaa koti la mumewe tangu mazishi. Siku marehemu atakapomjia ndotoni na kulala naye kama mume, atamweleza Dani Monicah, bibi mzee aliyeuosha mwili. Dani akikubali, koti linavuliwa, na Rispa anamtaja mwanamume wa ukoo atakayemrithi. Huyo ndiye atakayekalia kigoda. Miezi sita ikipita bila ndoto, basi marehemu amemkataa. Mjane na kigoda vinakwenda pamoja kwa kaka mkubwa wa marehemu, Fanuel, ambaye wote humwita Jaduong', mzee. Miezi sita inaisha Jumanne ya tarehe 23.

Na mimi? Mshonaji kutoka Kendu Bay, nimeletwa nilale nyumba moja na Mikayi asiwe mpweke. Hivyo ndivyo wanavyojua. Aliyenileta ni Fanuel mwenyewe, kwa mlango wa nyuma. Kazi yangu: Mikayi akianza kugeukageuka usingizini, nimwamshe. Niangushe sufuria. Nikohoe. Tarehe 23 ikipita bila ndoto, napata cherehani ya kukanyaga, na meza yake.

Nimeajiriwa kukohoa.

Naandika Kiswahili. Fanuel anasoma Kijaluo na Kiingereza. Kiswahili anasema ni cha sokoni.


Alhamisi, 11 Machi

Mvua siku ya tatu. Mikayi ana macho mekundu kama ya mtu anayechoma samaki. Asubuhi akaniambia, Nyar Kendu—binti wa Kendu, ndivyo wanavyoniita hapa—kifua chako kitakuua. Nikasema ni vumbi, Mikayi. Akasema, mvua imenyesha siku tatu, vumbi la wapi? Nikajibu kwamba la Kendu hukaa ndani sana. Akacheka. Ni mara ya kwanza namwona akicheka, na sikufurahi. Ni vigumu kumkoholea mtu anayecheka.

Magige amekuja, yule Mkuria wa Kehancha anayeuza tumbaku. Ndani ya msokoto mmoja mna barua kutoka Migori, ya Simeon, binamu wa marehemu, mwalimu. Niliisoma nyuma ya ghala kabla haijafika kwa Rispa. Nilitegemea moto. Nusu ya barua ni afya yake njema na kutumaini yake pia, robo ni habari za mitihani ya darasa la saba. Mwisho kabisa mstari mmoja: "Nataja jina lako ninapofuta ubao." Si haba, kwa mwalimu.

Rispa aliisoma mara nne kisha akaiweka ndani ya koti, upande wa ngozi. Kwa hiyo akiota, atamtaja Simeon. Fanuel angenipa cherehani mbili kwa habari hiyo. Sijampa bado. Sijui kwa nini.


Jumapili, 14 Machi

Kanisani mhubiri alizishutumu ndoto na mila za giza. Wazee wa baraza waliitikia Amina kwa nguvu kuliko sisi wote. Tulipotoka nje walijipanga mmoja mmoja kumuuliza Mikayi alilalaje.

Alasiri. Mkono wa koti ulikuwa umefumuka begani. Mikayi akanipa nishone, akaenda kwa Dani kuchambua kunde. Mvua ikarudi na baridi yake. Nilimaliza, nikalivaa nione kama bega limekaa sawa—mshonaji yeyote angefanya hivyo. Halafu nikajilaza. Kidogo tu.

Alikuja kama mtu anayeingia kwake, bila hodi. Maji yakimchuruzika. Mikono baridi kama mtungi. Nilitaka kumwambia, Bwana, umekosea mtu. Sikumwambia. Alivifungua vifungo vya koti kimoja kimoja kuanzia chini—nani hufungua koti kuanzia chini?—na kila kifungo kilipoachia, mikono yake ilizidi kupata joto, mpaka sikujua lipi ni joto lake na lipi langu. Mdomo wake ukakaa shingoni kwangu na haukuwa na haraka. Miaka minne tangu mume wangu aende Kisumu kutafuta kazi na kupata mke. Nilidhani mwili wangu umeshasahau. Kumbe ulikuwa umekaa tu kwenye benchi, unangoja kuitwa.

Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kilifungwa uzi mweusi.

Aliniita Rispa.

Nilipoamka mvua imekwisha, kuku wamesimama mlangoni hawataki kuingia. Mkeka ulikuwa umelowa upande ambao sikulala.


Jumatatu, 15 Machi

Fanuel alinisimamisha karibu na zizi. Anavaa viatu vyeusi hata kwenye kinyesi cha ng'ombe. Ameota? Hajaota, Jaduong'. Una hakika? Nina hakika. Akasema, vizuri, cherehani iko Homa Bay, nimeiona kwa macho.

Sikusema uongo hata kidogo. Ajabu jinsi ukweli unavyoweza kuchafua mdomo.

Harufu ya tumbaku ya marehemu iko ndani ya nywele zangu. Nimeziosha mara mbili.


Jumatano, 17 Machi

Nimefumua bega la koti mwenyewe, kwa kijembe. Mchana kweupe. Nikampelekea Mikayi: tazama, uzi wa Homa Bay hauna maana. Akalivua na kubaki na shuka.

Nilishona mishono minane. Nikalivaa. Sikungoja sana.

Safari hii hakuwa na maji. Alikaa kwanza kando ya mkeka akazitazama taya zangu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mimi ndiye niliyemvuta. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na hakuna atakayesoma. Kovu la moto juu ya titi lake la kulia. Nililipitia kwa midomo, likawa chumvi. Alitetemeka. Sikujua kwamba wafu hutetemeka. Tulipotulia alikuwa mzito juu ya mkono wangu hata vidole vikafa ganzi, na mkono ulibaki na ganzi mpaka saa ya chai.

Tena: Rispa.

Nimeacha kukohoa. Si huruma. Sitaki kelele.


Ijumaa, 19 Machi

Watu wa Fanuel wamekuja kupima mlango wa Mikayi kama kitanda chake kitatoka. Walipima mbele yake, kwa kamba, wakibishana. Mmoja akasema kikatwe miguu. Hakuna aliyemsalimia.

Walipokwenda alikaa chini ukutani. Aliongea polepole. Siku ya mazishi, mwili haujatoka ndani, Fanuel alimshika mkono mbele ya jeneza akamwambia, nitakuzoeza. Neno hilo tu. Anasema kila akifumba macho usiku anaomba Dishon aje, hata kwa hasira, hata kwa kumpiga, aje tu. Haji. "Nyar Kendu, nilimkosea nini? Na kama Jumanne nitapelekwa kwa yule, sitafika mlangoni kwake. Ziwa liko karibu zaidi."

Hakulia aliposema. Alisema kama mtu anayepanga kwenda kuchota maji.

Nilikuwa na sindano mkononi. Nilijichoma, nikashukuru kupata kitu cha kutazama.


Jumamosi, 20 Machi

Nilijiambia mara moja tu, ya kuaga. Walevi husema hivyo pia.

Alikuja. Hakufungua vifungo. Alilishika koti kwa kola kwa mikono miwili, akanisogeza mpaka paji la uso wangu likagusa lake, na tukakaa hivyo, tumevaa nguo, na hiyo ilikuwa kali kuliko zote. Kisha akasema neno moja, akatoka. Nilisikia miguu yake kwenye changarawe mpaka upande wa ziwa, halafu sikuisikia tena.

Neno lilikuwa Leonida.

Sijamtajia mtu hapa jina hilo. Wote wananiita Nyar Kendu. Hata Fanuel halijui.

Alijua, basi. Tangu lini? Tangu Jumatano, aliponitazama taya? Au tangu mwanzo?

Koti sasa ni koti. Pamba, vifungo vitano, jasho la Rispa. Kuku wanaingia ndani kama kawaida.


Jumatatu, 22 Machi

Nimemwambia.

Nilianza na kukohoa. Nani alinileta, sufuria, cherehani. Alisikiliza huku akichambua mchele, mkono haukusimama. Nikafika kwenye koti. Mkono ukasimama. Nikasema yote ya Jumapili na Jumatano. Alinyanyuka akanipiga kofi, la nguvu, sikio bado linaimba. Kisha akakaa.

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana, Mikayi."

"Alicheka?"

"Mara moja. Puani."

"Ndiyo," akasema. "Hucheka puani." Akajifunika uso kwa shuka na kukaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Alipotoa uso nje alikuwa mtu mwingine, mtu wa kigoda. Anza tena, akasema. Polepole. Nikamfundisha ndoto kama mtoto anavyofundishwa katekisimu. Maji, mikono, vifungo kuanzia chini. Hapo akatabasamu kwa uchungu: hata jeshini alikofunzwa kuvaa koti hilo walishindwa kumrekebisha. Kovu analijua. Uzi mweusi hakuujua. Lazima Dani ndiye aliyemfunga marehemu alipomwosha, peke yake, mlango umefungwa. Ndiyo mtihani huo. Turudie. Kushoto au kulia? Kushoto. Kidole gani? Cha mwisho.

Jioni hii atamwambia Dani kwamba amelala mchana akaota. Kesho baraza litamsikiliza. Barua imekwenda na Magige: Simeon awe njiani.

Nimempa yote. Karibu yote. Jumamosi sikumpa. Nilisema mara mbili, nikaishia hapo. Kofi nililipata kwa hizo mbili tu. Mtu ana haki ya kubaki na kitu kimoja.


Jumanne, 23 Machi

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba ya Dani, nimeegemea ukuta wa matete, kapu la kunde magotini na daftari ndani ya kapu. Ndani yuko Dani na Rispa. Mbele ya mlango wamekaa wazee saba, na Fanuel kwenye kiti alichokuja nacho. Nyuma yake kitanda cha Rispa kiko tayari juu ya mkokoteni, miguu imekatwa.

Rispa alianza vizuri. Sauti thabiti. Maji, vifungo, kovu. Mzee mmoja alikohoa kwa aibu na wengine wakamwambia anyamaze, wanasikiliza. Dani akauliza kuhusu mikono. "Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Uzi mweusi." Halafu mguno, wa wazee wote kwa pamoja, na nikasikia kiti cha Fanuel kikilia.

Akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Dani, mwanamke huyu amefundishwa."

Dani akasema, "Na nani, Jaduong'? Uzi niliufunga mimi, na mimi sijafundisha mtu. Wewe una mtu humu ndani wa kujua alivyolala?"

Kiti kikalia tena. Kujibu ni kunitaja mimi.

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu kwa kunde zangu. Ndipo Dani akasema, kwa ile sauti yake kavu: "Limebaki moja, mwanangu. Anayeondoka huacha neno. Alipotoka kwako alinipitia na mimi hapo mlangoni, akanitajia hilohilo. Mwisho alikuambia nini?"

Nilisikia mkeka ukisogea chini ya Rispa.

Dani akauliza tena. Nilichungulia kwenye upenyo wa matete. Dani hakuwa anamtazama Rispa. Alikuwa ameelekea ukutani, huku, mahali nilipo.

Wazee wameanza kunong'ona. Fanuel amemwambia mtu amfunge ng'ombe kwenye mkokoteni. Dani amesema bado. Kuna muda mpaka jua lifike kizingiti cha mlango wake. Kwa hiyo tunangoja. Naandika kwa sababu mikono yangu haina kazi nyingine.

Nikinyamaza, mkokoteni unaondoka, na Rispa ameshaniambia hatafika. Nikisema, ndoto ni yangu. Fanuel atanijua, Kanyasiro yote itanijua—mwanamke aliyelala na Ruoth ndani ya koti la mkewe. Na wazee watanigeukia mimi waniulize ninamtaja nani. Mimi! Na Simeon yuko barabarani, anakuja kwa mwanamke mwingine.

Pia, nikilisema, halitakuwa langu tena. Ni jambo dogo hilo. Naliandika la mwisho ingawa ndilo la kwanza.

Rispa amegeuza uso kuutazama ukuta. Hanioni. Lakini ameelewa kwamba kuna nililomnyima. Naliona begani kwake, pale niliposhona. Hanikasirikii. Anangoja tu, kama mimi nilivyozoea kungoja, macho yakiwa wazi.

Jua limegusa kizingiti.

Dani anasema, "Haya."

Ninainuka kulisema.