Risasi Iliyo Mwilini mwa Baba Watoto

Mama watoto,

Nimekwenda hospitali. Ulipotoka tu umenuna, daktari alipiga simu. Majibu ya damu yanasema nina risasi mwilini. Ni ile ya betri ninazofungua karakana, si ya bunduki. Mama yako alinisikia nikilirudia neno hilo, akapiga ukunga, majirani wakajaa sebuleni kunitafuta tundu kifuani. Wengine bado wako uani. Wape chai.

Nitawekewa dripu ya dawa inayoishika risasi na kuitoa kwa mkojo. Watapima figo kwanza, maana ndizo zitakazobeba mzigo. Dawa hiyo huzoa hata madini mazuri, kwa hiyo nitapimwa tena na tena. Shangazi anataka awekewe na yeye, asafishe mishipa ya moyo. Mwambie kwamba daktari amekataa: hiyo si kazi ya dawa hii, na inaweza kumdhuru.

Nguo zangu za kazi usizifue pamoja na za watoto. Wala usizikung'ute, zina vumbi la risasi.

Asubuhi ulisema nimekuwa mkali kama pilipili, na kwamba huyu siye mwanamume aliyekuoa. Daktari anasema hasira nazo ni dalili. ~~Natumaini sasa umeridhika.~~ Hata mimi simtambui mwanamume huyu, ila niliona haya kukwambia.

~~Msije hospitali, nitarudi mwenyewe.~~ Njoo. Mlete kitinda mimba apimwe damu leo hii. Kila jioni mimi humbeba kabla sijanawa.

Baba watoto