Sola Waliyokuahidi Watafuta Mafuta

Aabo, baba yangu mpendwa,

Watu wa mafuta wamerudi. Si wale wale, ila magari ni meupe vile vile, na hema wamezipiga upande wa mji wa Diff, kwenye uwanja uliowaonyesha wenzao.

Unakumbuka walivyokuja mara ya kwanza? Ulimchinja ngamia wako dume, sisi watoto tukakatazwa hata kuonja ini. Siku tatu uliwalisha bila kuwauliza walichofuata. Walipoomba kupitisha mashine malishoni, injinia wao aliapa kwamba wakimaliza wataondoa jenereta kisimani na kutuwekea sola. Nilikuwa nimerudi kutoka shule, nikakunong'oneza waandike. Ulinikemea mbele za watu: "Mgeni haombwi karatasi! Amekula kwetu, amesema, basi." Mkasoma dua. Hata injinia aliinua mikono.

Walimaliza, wakaenda zao. Tukabaki na jenereta ile inayokohoa, uliyokuwa ukiipiga teke na kuiita mzee mwenzako. Kiangazi kile dizeli ilipokwisha na lori lisije, ulishuka kwa kamba kwenye kisima cha zamani, kile cha kuchimbwa kwa mikono, ili ukizibue. Udongo ukakufukia. Tulikutoa na kukuzika siku hiyo hiyo.

Miaka yote niliwachukia wao. Siku hizi nakukasirikia na wewe, Mungu anisamehe. Jua hili linatuchoma mwaka mzima na hatupati hata maji kwalo. Anayetajirika kwa mafuta, huku akijua moshi wake unatuharibia mvua, kutuwekea sola si hisani yake. Ni wajibu. Wewe uliona haya kumdai.

Sasa mimi ndiye katibu wa kamati ya maji. Walipokuja mkutanoni niliwaambia sola iandikwe kwanza, ifungwe kwanza, ndipo mashine zipite. Kijana wao akajibu, "Madam, hiyo ahadi ilikuwa ya kampuni ingine. Sisi tumechukua leseni tu."

"Basi chukueni na ahadi yake."

Adeer, mdogo wako, akasimama. "Wallahi unatuaibisha mbele ya mageni! Hata chai hujabatia wao! Baba yako hawesi fanya hii!"

"Hangefanya," nikasema. "Ndiyo maana amekufa."

Wageni walikusanya mafaili, wakasema wataulizia Nairobi, wakaondoka.

Siku nne zimepita na hawajarudi kwetu na jibu. Wazee hawanisalimii. Mama analia, ananiambia nikaombe radhi, nami sitaki. Lakini dizeli iliyobaki haifiki Ijumaa, mbuzi wameanza kulala chini kwa kiu, na mume wangu tangu asubuhi anatafuta kamba ndefu. Hajaniambia ni ya nini, nami sijamuuliza. Sijui, Aabo, kama nimewaokoa watu hawa au nitawazika.

Mola akurehemu huko uliko, na mimi anionee huruma hapa nilipo.

Binti yako mkubwa