Mama Mkwe Ameacha Nazi

Nyamisati, 4 Machi 2024

Mkwe wangu Idrisa,

Asalaam alaykum. Hapa tu wazima, roho zetu ziko kwenu, wewe na mwanangu Ummy na mtoto. Siku ya akika uliwaeleza wazee kazi yenu ya maabara, kwamba saratani inavuta mafuta. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia nusunusu. Hebu niandikie vizuri, kuna mtu hapa anataka kujua. Usipige simu.

Mkweo,
Sihaba

Dar es Salaam, 19 Machi 2024

Mama, shikamoo. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, mjukuu wako ameota meno. Umenifurahisha kuuliza! Kwenye damu kuna mafuta yanaitwa lehemu. Kila seli ina vipokezi, yaani vijimlango vya kuyaingiza. Seli ya saratani huongeza vijimlango hivyo, ikavuta lehemu kwa pupa, ikajijenga na kuenea. Sisi tunatafuta namna ya kuvifunga. Mwambie huyo mtu saratani ni mlafi wa mafuta!

Mwanao,
Idrisa

Nyamisati, 2 Septemba 2024

Mkwe wangu,

Salaam nyingi, na mtoto mnibusie. Tangu barua yako sijatia tui chunguni. Wali chukuchuku, samaki chukuchuku. Jirani yangu Mwanajuma kala hapa, akatoka akinitangaza bahili. Nguo zinanivuka. Lakini uvimbe haupungui, unakua tu.

Huyo mtu ni mimi. Mahali penyewe mkwe hatajiwi, nisamehe. Naandika nimejifunika kanga usoni, utadhani umekaa mbele yangu. Ni titi, la kushoto. Ummy hajui. Niache nini tena?

Mkweo

Dar es Salaam, 5 Septemba 2024

Mama, shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali. Barua yako nimeisomea chooni kazini na nikaona haya kutoka. Nilijitia mwalimu, nisiulize hata nani anaumwa.

Ini lenyewe hutengeneza lehemu, mama, hata usipoonja nazi. Vile vijimlango havifungwi kwa njaa, na dawa tunayoitafuta bado iko kwenye vichupa. Umeukondesha mwili, uvimbe uko palepale. Ummy nimemwambia, usinikasirikie. Jumamosi tunakuja kukupeleka hospitali. Barua hii nampa utingo wa basi. Ukiipata tu, kula.

Mwanao

Kibiti, 14 Oktoba 2024

Idrisa,

Waalaykum salaam. Shingo yangu inauma kidogo kwa mto wa ugenini hapa karibu na hospitali, mengine namshukuru Mungu. Jibu la kile kinyama walichokata limetoka, ndiyo yenyewe. Sindano za ugonjwa huu zipo, ila daktari kasema mwili huu hauzihimili mpaka urudishe kilo. Ummy analia, anakutupia maneno. Nimemkataza, kuficha nilificha mwenyewe.

Jumamosi nilichungulia dirishani nikakuona umekaa juu ya mbuzi, mwanamume mzima, unanikunia nazi na wenyeji wetu wanakucheka. Aibu ilinishika, nikataka kukufukuza. Wali ulipoletwa nilikula sahani yote, nikaomba tena.

Leo wamenipima, bado sijafika. Ukija Jumamosi anza kukuna mapema, nipate na mchuzi.

Mama