Nilikwenda na Kikaangio

Jumapili, Mei 2017. Baridi imeanza, jua lipo lakini halina nguvu.

Nimechoka. Nimekaa kitandani na koti bado mwilini, miguu imevimba. Leo nilikwenda kumchukua Zawadi, arudi nyumbani.

Zawadi ni mwanangu wa pekee. Tangu kiangazi anafanya kazi nje ya Johannesburg, kwenye shamba lenye kijito, anawafundisha wageni kuvua samaki wanaoitwa trauti. Tangu aondoke silali vizuri. Simu ikilia tu, moyo unaruka. Mama Asha, ninayesuka naye nywele Joubert Park, ananicheka: "Mwenzangu, kamchukue mwanao kabla hajaota magamba."

Basi nikapanda teksi alfajiri na ndimu, chumvi, unga na kikaangio. Sisi wa Tanga ukiitwa kwenye samaki huendi mikono mitupu.

Kijito chenyewe chembamba, mtoto anaruka. Majani ya manjano yanaanguka majini. Zawadi kasimama humo humo, kavaa suruali ya mpira mpaka kifuani. Mimi nikawaza nimonia tu.

Akanasa mmoja wa madoadoa, mnene. Mimi huku nishaanza kukusanya kuni.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawasha moto, samaki si huyo?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Eish, mama. Hapa hawaliwi. Tunawaachia."

Nimezaliwa kwa wavuvi, sijapata kuona jambo kama hilo.

Akaniita nimshike. Nikapeleka mkono, akanizuia. "Lowesha kwanza. Mkono mkavu unamtoa ute, halafu anaugua." Kiswahili chake huwa nusu Kizulu, ila haya aliyasema pole pole, yote. Usimbane. Mwelekeze kichwa maji yanakotoka. Akipata nguvu ataondoka mwenyewe.

Maji yaliniuma mpaka kwenye mifupa. Samaki akapumua kiganjani mwangu, akapumua, mara hayupo.

Nikamtazama mwanangu. Mashavu yamejaa. Hapa nyumbani Berea, mwaka jana alikuwa anashinda amelala, mlango kaufunga, sahani naikuta vile vile nilivyoiacha. Nilikuwa nasimama nje ya ule mlango nasikiliza kama anapumua.

Leo kaongea nami asubuhi nzima.

Maneno niliyoyapanga kwenye teksi, ya kumwambia turudi nyumbani, nilikuwa nayo mdomoni. Sikuyasema.

Tukasonga ugali, tukala na samaki wa kopo aliowatoa chumbani kwake, tukawakamulia ndimu. Samaki wa kopo, na kijito kile kimejaa samaki. Tulicheka sana.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwambia avae soksi mbili. Nyuma ya dirisha la teksi ndipo nililia kidogo.

Sijui kama nimefanya sawa. Chumba kiko kimya, na kikaangio kimerudi kisafi kama kilivyoondoka.

Kesho Mama Asha ataniuliza, mwanao yuko wapi? Nitamwambia yuko kazini.