Mshikaki wa Mwalimu Rehema

Nachingwea, Ijumaa, Agosti 2009

Wamempigia makofi tena! Klabu ya usalama barabarani nimeianzisha mimi, na ngonjera ya beti kumi na mbili nimetunga mimi. Leo wanafunzi walipoighani, wenzao walipiga miayo.

Kisha akasimama Mwalimu Rehema, aliyehamia juzi tu kutoka Iringa. Akainua kijiti chenye vipande vitatu vya nyama. "Mkipakizana watatu kwenye pikipiki mnaita mshikaki, eti? Haya, nani anataka kuwa nyama?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkuu wa shule akacheka mpaka akafuta machozi. Kwenye ngonjera yangu alikuwa anatazama saa.

Nyama yenyewe ilikuwa imeungua. Naliandika hilo makusudi.

Magharibi Asha wangu kaingia, miguu vumbi tupu. Katembea kutoka sokoni.

"Mama, pikipiki ilishapakia mtu mmoja, dereva akaniita nijibane nyuma. Nikakataa. Sitaki kuwa nyama."

Mtoto huyu huyu! Tangu aingie kidato cha kwanza namkanya, anaitikia "ndiyo mama", kisha anapanda.

Nimemtengea maji ya kuoga. Kafika mzima. Mungu nimemshukuru.

Rehema, bado.