Nilibonyeza "Ndiyo", Majina ya Marehemu Yakaharibika

Mama Dzigbodi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijamrushia mtu kompyuta kichwani. Mimi ni mtunza kumbukumbu wa redio moja hapa Ho, Ghana, na matangazo yetu yote ya vifo kwa Kiewe, ya miaka ishirini na miwili, yamo katika faili moja la maandishi, kubwa ajabu, na wachapaji wa kitabu wanalitaka Ijumaa kwa mfumo mwingine, basi nikajaribu kulifungua kompyuta ikaganda, nikala akple yangu, ugali wetu wa mahindi, na samaki nikamaliza, bado imeganda, ndipo nikamwita shemeji yangu Senyo, anayejiita injinia kwa kuwa aliwahi kuuza chaja. Akaleta programu yake, faili likafunguka, akasema, "Davi, dada yangu, ligeuze uhifadhi palepale, usijaze diski bure." Kompyuta ikaonya kwamba baadhi ya herufi zitapotea, nikamuuliza, akacheka: "Hiyo inatisha watu tu. Bonyeza Ndiyo!" Nikabonyeza.

Mama, kila ɖ, kila ŋ, kila ɔ, herufi zetu za Kiewe, imekuwa alama ya kuuliza! Nilipopiga kelele akasema atazibadilisha zote ziwe d, "si zinafanana?" Yaani ɖu, kula, iwe du, mji! Waombolezaji wale mji! Na mume wangu anataka nimwambie meneja kwamba umeme ulikatika, nisimwaibishe mdogo wake. Kinachonichoma zaidi ni Efo Kwasivi, msomaji wetu wa zamani, ambaye kila Ijumaa alinakili faili hilo kwenye flashi akaivaa shingoni, hata baada ya kustaafu, nami nikamcheka mbele ya ofisi nzima, "Efo, hirizi hiyo inatibu nini?", na tangu Pasaka hakanyagi tena ofisini, na sasa hata tangazo la kifo cha mkewe Ŋutifafa, alilolisoma mwenyewe hewani huku analia, limebaki ?utifafa. Nina hasira hata silali. Huyu Senyo nimkomeshe vipi?

Enyonam, Ho

Enyonam, pole. Nami nimeisoma barua yako mpaka chai ikapoa kwa hasira. Senyo ni mjuaji asiyejua, na mumeo anakufundisha uongo. Lakini wewe je? Mdomo wa shemeji umeuandikia mistari chungu nzima, kidole chako neno moja tu: nikabonyeza.

Kumkomesha Senyo ni rahisi, asiguse tena kompyuta ya kazini. Mumeo mwambie umeme haujui kubonyeza Ndiyo. Meneja umpe ukweli leo, kwa kinywa chako.

Faili hilo lililoharibika liache kama lilivyo. Herufi zote zikishakuwa alama moja, hakuna fundi wa kukwambia ipi ilikuwa ŋ na ipi ɔ. Siku nyingine toa nakala kwanza, ugeuze nakala, faili lenyewe, mama lao, usiliguse! Faili likiwa kubwa, likate kwa miaka, au tafuta programu inayolisoma kipande kwa kipande. Ukiulizwa mfumo wa herufi, chagua UTF-8, ule unaobeba herufi zetu zote. Na onyo la kompyuta lisome, hata injinia wa chaja akicheka.

Sasa nisikilize vizuri, maana dawa umeiandika mwenyewe na hasira imekuziba macho. Faili zima, hadi Pasaka, liko kwenye ile flashi uliyoiita hirizi. Ya baada ya Pasaka utayachapa upya kutoka karatasi za familia, na vidole vikuume.

Ila usiende kwa Efo Kwasivi kuomba flashi. Hivi kweli ulidhani mzee aliyestaafu alikuwa anabeba faili la redio? Ulimcheka akiwa amembeba mkewe shingoni, Enyonam. Nenda leo, peke yako, uvue viatu mlangoni. Omba msamaha wa hirizi kwanza. Kisha litaje jina la mkewe, taratibu, kuanzia ile herufi uliyoipoteza.