Kofia Isiyofanana na Gari

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kupima jambo ambalo kila nikilipima mwenyewe mizani inaegemea upande wangu, na ndiyo maana siuamini uamuzi wangu. Mume wangu ana gari la kale, la kijani, alilolifufua kwa mikono yake kutoka kwenye bodi iliyooza, na kila mwaka tunapokwenda kwenye maonyesho ya magari ya kale mimi hutengeneza kofia ya rangi ileile, nikaketi kando yake, watu wakatusifu, naye akavimba kichwa, nami sikuona ubaya; lakini safari hii nimesuka mkonge, nikaulainisha kwa mvuke, nikaukandamiza juu ya kalibu ya mbao hadi ukingo ukakaa nilivyotaka, nikautia rangi ya chungwa lililoiva, na nilipojitazama kwenye kioo cha kabati, mshauri, nilicheka peke yangu kwa fahari, halafu waandaaji, walioonyeshwa picha na wifi yangu, wakaniomba niwe na meza yangu ya kofia, nikakubali papo hapo kabla ya kumwambia mwenzangu.

Alipoiona kofia aliizunguka kama anayekagua injini. Akauliza, "Mama watoto, hii ni ya gari gani?"

Wifi akadakia, "Kaka, unauonea wivu mkonge!"

Tulicheka sote isipokuwa yeye. Habari ya meza bado sijamwambia. Je, nimemsaliti, au ninajikweza tu kwa kudhani nina la kusaliti? Nahofia Jumapili, siku ya maonyesho, ataendesha peke yake.

Msuka Mkonge

Msuka Mkonge, pole, na hongera. Hongera ndiyo kubwa. Yeye alipolifufua gari hakumwomba mtu radhi, nawe usiombe radhi kwa kofia. Lakini kumficha meza, hapo umekosea, bibi wee, na usisake falsafa ya kujisitiri nyuma yake. Unataka aisikie kwenye kipaza sauti mbele ya wenzake? Mwambie leo, akiwa ameketi, si akiwa chini ya gari.

Huenda nakosea kuhusu moyo wake, maana ninausoma kupitia kalamu yako tu. Ila nahisi swali lake lilibeba hofu ileile uliyo nayo wewe: ataketi na nani? Basi Jumapili keti mahali pako, kofia mapajani kama paa la gari liko chini, mfike pamoja. Mkishafika, shuka, ivae, nenda kwenye meza yako kichwa juu, na umwombe akubebee kalibu. Na kabla hamjaondoka nyumbani, akiuliza tena kofia ni ya gari gani, usimpe mhadhara. Mwambie, "Ni ya kichwa changu, baba watoto. Washa gari, tunachelewa."